Oili ya Sintofahamu

Gari letu tuliliita Nyanzala. Kwa Wasukuma jina hilo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa, na sisi Wasumbwa wa Ushirombo tuliliazima kwa majirani kwa sababu lilimfaa kabisa: pikapu ile haikushiba. Petroli inakunywa, maji inakunywa, oili ndiyo usiseme. Mume wangu Telesphori aliinunua kwa mapadri baada ya kuiendesha miaka mingi akiwa dereva wao. Siku alipoileta nyumbani alizima injini, akashuka, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Tena shati la kanisani. Nikajua hapo hapo kwamba nimepata mke mwenza.

Sikumwonea wivu. Mke mwenza huyu alinibeba mimi na magunia yangu ya karanga, na hakuwa na maneno.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mchezo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na katika yote niliyofundishwa, vitendawili ndivyo vilivyonikaa kichwani. Telesphori hakuviweza sana, ila hakupenda ijulikane. Nikitega akashindwa, lazima anipe mji, kama ilivyo desturi. Wengine wakipewa mji husema tu kwa mdomo, nimekwenda Tabora, nimekula wali kwa kuku, basi, mchezo umekwisha. Mimi nilikataa. Nilimwambia, mtu mwenye gari hatoi mji wa mdomo. Ukinipa Kahama, nipeleke Kahama. Siku ile alikuwa ameshiba vizuri, akacheka, akakubali, na tangu hapo neno likawa sheria. Ndivyo nilivyoiona Kahama. Ndivyo nilivyoiona Shinyanga mjini na taa zake. Na Masumbwe kwa dada yangu nilikwenda mara nyingi kuliko shemeji alivyopenda.

Mji mmoja tu hakuwahi kunipa. Geita.

Geita ndiko alikokuwa mtoto wetu Febronia. Alikwenda kujifunza cherehani, akaolewa huko huko na kijana aitwaye Salehe, mwenye duka dogo la vipuri vya magari. Baba yake Salehe alikuwa mtu wa Pangani aliyefuata biashara ya dhahabu zamani, mama yake Mzinza. Kijana mwenyewe mpole, mrefu, anacheka kwanza ndipo aongee. Alipokuja kujitambulisha alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, akaleta sukari wakati sukari ilikuwa haionekani hata kwa mganga. Akatuamkia sote, akanawa, akala ugali wetu wa mtama bila kuuchezea. Telesphori alikuwa ameanza kumpenda, nilimwona.

Kisha wakati wa kuaga wakapita mbele ya Nyanzala pale uani. Salehe akasimama, akaliangalia lile gari, bati lake lililobonyea, taa moja ikiwa imefungwa kwa waya, akauliza:

"Baba, hili bado linatembea?"

"Linatembea," akajibu Telesphori.

Basi. Hakuna kingine kilichosemwa. Wakapeana mikono, kijana akaenda zake.

Lakini harusi ilipofika, wakaoana bomani Geita, Telesphori alisema klachi imekufa. Mimi nilikwenda kwa basi, nikakaa peke yangu penye viti viwili vya wazazi wa bibi harusi. Padri akaja kumfariji mume wangu, na wanaume wa jumuiya nao wakaja, pole Telesphori, ni mtihani binti akiolewa na mtu wa dini nyingine. Akainamisha kichwa, akapokea pole zao zote. Hata mimi niliamini ndilo hilo.

Mpaka asubuhi moja nilipokuwa napita na ndoo ya maji. Yeye yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, nikamsikia anazungumza na chuma.

"Eti bado linatembea," akasema. "Mtoto mdogo. Eti hili." Ikasikika spana ikianguka. "Usimjali, mama."

Nikapita taratibu, maji yasimwagike. Mume wangu alikubali kupewa pole kwa jambo ambalo halikumsumbua, ili afiche lililomsumbua.

Sasa, ilikuwa miaka ile ya foleni. Sabuni foleni, chumvi foleni, na oili ya gari ilikuja kwa pipa kwenye duka la ushirika ikitaka yenyewe. Telesphori alikuwa na akiba yake kidogo kwenye chupa, anaimimina kama mtu anayempa mtoto dawa. Ndipo siku moja Nkwabi, kondakta wa basi la Geita, akasimamisha basi mbele ya nyumba yetu, akashuka na kopo kubwa la bati, jipya, linang'aa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea samli?"

"Salehe anakusalimu. Hii ni oili, kwa ajili ya gari lako. Si oili hizi zetu. Hii inaitwa..." Nkwabi akatazama juu, akakuna kidevu. "Alinitajia vizuri kabisa. Inaitwa sinto... sintofahamu."

"Unasemaje?"

"Oili ya sintofahamu, mzee."

Telesphori akaligeuza lile kopo, akasoma maandishi kwa Kiingereza chake cha misheni, herufi moja moja. "Sin-the-ti-ki," akasema. "Sinthetiki, wewe. Sintofahamu ni hayo unayoyafanya na chenji za watu."

Nkwabi hakukasirika. Akaeleza alivyoelezwa: kwamba Wazungu wanaopima miamba huko Geita ndio wanaoitumia kwenye magari yao, wakamwachia Salehe kopo hilo kama zawadi, naye badala ya kuliuza kalileta huku. Kwamba oili hiyo haikuchimbwa ardhini. Imepikwa maabara.

"Haikuchimbwa?" akauliza Telesphori.

"Haikuchimbwa hata kidogo."

"Huku kwetu kisichochimbwa ni mvua peke yake," akasema mume wangu, akaliweka kopo chini mbali na miguu yake.

Basi lilikuwa linapiga honi. Nkwabi akanigeukia mimi, akatoa habari iliyokuwa habari hasa. "Mama, Febronia amejifungua salama, mwezi sasa, ila basi letu lilikosa dizeli. Mtoto wa kiume. Anasema arobaini yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, mje. Na anasema baba aje na Nyanzala."

Nilipiga kigelegele mpaka abiria wakaitikia dirishani. Telesphori naye alitabasamu, nilimwona, ila akalifunika tabasamu lile kwa kofia.

Kuanzia siku hiyo lile kopo likakaa kwenye kona ya chumba chetu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Mimi namwambia, weka oili twende. Yeye ananiambia, haifai.

"Kwa nini haifai? Si mpya?"

"Ndiyo ubaya wake. Keti nikueleze, Mama Febronia." Akaketi na yeye, akachukua kijiti, akachora injini mavumbini. Tukiwa kwenye mambo ya magari alikuwa na subira ambayo kwenye mambo mengine Mungu alimnyima. "Nyanzala ni mzee. Ndani yake kuna uchafu wa miaka na miaka, ule weusi mzito. Na mipira inayozuia oili isitoke, hizi tunaziita sili, zimekauka, zina nyufa. Unajua kinachozuia oili isivuje ni nini? Ni ule uchafu. Umeziba. Sasa oili hii mpya ni nyepesi, tena inaosha. Itauondoa uchafu wote, injini itakuwa safi ndani, halafu itavuja kila mahali. Oili ya pipa ni nzito, haioshi sana. Wamezoeana."

Nikaelewa upesi kuliko alivyotegemea, nikajisahau kwa furaha ya kuelewa.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina bibi yangu, nikimwogesha sana analia."

Akafikiri kidogo tu. "Kibuyu cha maziwa. Cha zamani."

Ndicho hasa. Kibuyu cha siku nyingi hushikwa na mafuta ya maziwa kwenye nyufa zake. Aje mke kijana mwenye bidii, akisugue kwa maji ya moto na majivu, kesho yake kinadondosha. Nilifurahi kwa kuwa kitendawili kilikuwa kizuri, kumbe nimempa silaha. Kutoka hapo kila nikitaja kopo ananijibu, "Kibuyu, Mama Febronia. Kibuyu." Mara kanisani, mara shambani. Kibuyu. Nikatamani nimeze ulimi.

Na sikuweza kusema anadanganya. Aliyosema juu ya injini yalikuwa kweli tupu. Hapo ndipo mtu anapokuwa mgumu kushindwa, anapokuwa na sababu ya kweli mkononi na sababu nyingine mfukoni. Wiki ikaisha. Jumatano ya wiki ya arobaini akapata mzigo wa pamba, akampa Nyanzala matone kutoka kwenye ile chupa ya akiba, akaenda nao Masumbwe, akarudi jioni anapiga mluzi.

Nilipika kisamvu kwa karanga, chakula anachokipenda. Nikamwacha ale tonge la kwanza.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, mdomo umejaa.

"Anakwenda Kahama mzima. Anakwenda Masumbwe mzima. Ukimtajia Geita, anaumwa."

Akaacha kutafuna. Nililiona jibu likimfika usoni, likasimama pale mlangoni, likakosa pa kupitia. Maana akisema ni Nyanzala, nitamuuliza anaumwa nini. Na akisema ni yeye, basi.

"Nipe muda," akasema.

"Muda upo."

Akala tonge jingine polepole. Akanywa maji. Akaangalia paa. "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Mama Febronia. Kitendawili kigumu."

"Basi nipe mji."

Akanitazama, kisha uso wake ukachangamka kidogo kama mtu aliyeona upenyo kwenye ua wa miiba. "Nakupa Katoro."

"Katoro!"

"Mji ni mji. Nimeshautoa."

Katoro iko njia hiyo hiyo ya Geita, ila ni kabla. Wakati ule ilikuwa maduka machache na gulio, na wachimbaji wa Nyarugusu wakija kunywa walichokipata. Nikasema sawa, Katoro si pabaya, pale nitapata basi la kuendelea. Akasema yeye hakunipa basi, amenipa mji. Nikamwambia ale, kisamvu kinapoa.

Jumamosi alfajiri nikapakia: asali ndoo moja, karanga, jogoo mwekundu, na kanga mpya niliyoitunza tangu harusi. Telesphori alivaa koti lake la Krismasi. Kwenda Katoro tu, koti la Krismasi! Kisha akaingia ndani, akatoka na lile kopo, akaliweka nyuma ya kiti.

"Unalichukua?"

"Linarudi kwa mwenyewe. Utampa huko ukifika na basi lako. Mwambie Nyanzala hanywi."

Barabara ilikuwa kavu, vumbi jekundu, msitu pande zote mbili. Nyanzala alikwenda vizuri mpaka Runzewe. Hapo Telesphori akafungua boneti, akachomoa stiki ya kupimia oili, akaifuta, akaichovya tena, ikatoka karibu kavu. Akamimina yote iliyobaki kwenye chupa, akaisimamisha kichwa chini mpaka tone la mwisho, akaigonga makalioni kama mtoto anayekohoa. Tukaendelea. Baada ya Runzewe injini ikaanza sauti ya kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hakuna anayemwitikia. Telesphori alishika usukani kwa mikono miwili, na kila mlima akainama mbele kana kwamba anasukuma.

Katoro tulifika tukitoa moshi wa buluu. Akaenda moja kwa moja kwa fundi Maduhu, Msukuma mfupi aliyefanya kazi chini ya kibanda cha nyasi, ambaye walijuana tangu enzi za misheni.

"Namhala Telesfoli!" akapiga kelele Maduhu, yaani mzee Telesphori, maana herufi r kwake ilikuwa haikai. "Bado uko na mama huyu? Mimi nilidhani mmeshamzika!"

"Sisi tulidhani umezikwa wewe. Nipe oili."

"Oili!" Maduhu akacheka, akapiga mapaja. "Mwangaluka mayu," akanisalimu kwanza, mtu wa adabu, ndipo akamrudia mwenzake. "Oili ya pipa haijaonekana Katolo tangu mwezi uliopita. Niliyonayo ni ile." Akaonyesha debe lenye oili nyeusi, imemwagwa kutoka kwenye trekta. "Chafu, lakini nitakuchujia kwa kitambaa. Mama huyu amezoea uchafu, hataona tofauti."

Nami nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na haja, "Nyuma ya kiti kuna kopo."

Telesphori alinikata jicho. Maduhu alishalitoa. Akalisoma kwa vidole, akatia kidole kimoja ndani, akasugua, akanusa.

"Aisee. Hii ni ya Wazungu wa miamba."

"Ni ya sintofahamu," akasema Telesphori. "Itamwosha. Atavuja."

"Atavuja," akakubali Maduhu. Wala hakumbembeleza. "Sikiliza, namhala, nikwambie mimi ninavyoona. Nikikuwekea hii chafu, ni nzito, ukienda polepole bila mzigo utafika Ushilombo. Kesho utakuwa unalala kwako. Ila usiende nayo mbele, maana Geita ukifika na injini hii ikiwa na uchafu wa tlekta juu ya uchafu wake, huna injini ya kuludia nyumbani. Nikikuwekea hii mpya, sasa hivi atakuwa na laha. Geita utafika, si mbali, haitakuwa imeshamaliza kuosha. Kuludi nyumbani mimi sikuahidi. Itakuwa imetoka yote njiani." Akafuta mkono kwenye kaptula. "Chafu, nyumbani. Mpya, Geita. Chagua."

Akaondoka kwenda kutafuta kitambaa cha kuchujia, maana aliona mwenzake ni mtu wa akili na atachagua nyumbani.

Telesphori akabaki amesimama mbele ya boneti iliyo wazi. Jogoo wangu alikuwa anawika kwenye tenga. Vijana wawili wenye sururu wakapita wanabishana juu ya nani aliuona mshipa wa dhahabu kwanza. Nilitaka sana kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni kama karanga. Nilitaka kumwambia mjukuu anakungoja, nilitaka kumwambia najua habari ya "bado linatembea", nilitaka kumwambia wewe mzee mpumbavu nikupendaye.

"Mama Febronia," akaniita bila kugeuka. "Wewe unasemaje?"

"Mimi mji wangu ni Katoro," nikasema. "Nimeshafika."

Akatazama njia ya Geita. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, mpaka akashika boneti.

Akachukua kopo. Akatia kidole, akaisugua ile oili kwa muda mrefu. Ilikuwa ya rangi ya asali changa, unaona kidole ndani yake. "Nyepesi kama uji wa mgonjwa," akanung'unika. Kisha akainama karibu na injini, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, "Mama, vumilia. Tunakwenda kumwonyesha." Akamimina.

Maduhu alirudi na kitambaa chake, akakuta boneti imefungwa.

Sasa niwaambie kweli. Kutoka Katoro kwenda Geita lile gari lilikwenda kama si lenyewe. Ile ko ko ko ilizidi kufifia, ikaisha. Milima akaipanda bila kulalamika. Telesphori alitega sikio, akatega tena, akafungua dirisha asikie vizuri.

"Amenyamaza," akasema kwa mashaka.

"Si ndiyo vizuri?"

"Mwanamke akinyamaza ghafla si vizuri."

"Mimi nimenyamaza tangu Katoro."

"Ndiyo maana naogopa," akasema, na hapo tukacheka wote wawili, vumbi linaingia mdomoni.

Nyumba ya Salehe ilikuwa nyuma ya duka lake. Uani kulikuwa na majamvi, sufuria za pilau mekoni, wanawake wa kwao wakiimba, na mama yake Salehe, Bi Mwanaima, akiwaongoza kwa mwiko. Nyanzala akaingia getini akipiga honi yake ya mbuzi. Salehe alitoka mbio, kanzu nyeupe, kofia ya viua, miguu mitupu. Akasimama mbele ya gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti kama mtu anayempokea ng'ombe wa mahari.

"Shikamoo baba! Shikamoo mama! Limefika!"

Mimi nilishuka. Telesphori hakushuka, wala hakuzima injini. Alitazama mbele kupitia kioo, kidevu juu.

"Uliuliza," akasema.

"Niliuliza nini, baba?"

"Siku ile kwangu. Uliuliza kama hili bado linatembea."

Salehe alifikiri. Nilimwona akiitafuta siku ile, akaipata, na uso wake ukabadilika wote.

"Baba," akasema, "niliuliza kwa sababu nilitaka kuliomba. Febronia alinihadithia kwamba tangu mtoto alikuwa akisema, siku atakayoolewa atapanda Nyanzala. Nilitaka nikuombe umlete bomani kwa gari hili. Ukajibu 'linatembea', ukakunja uso, nikaona nimekosa adabu kuomba gari kabla sijapewa mke. Nikanyamaza. Halafu tukasikia klachi imekufa."

Pilau ilikuwa inanukia. Telesphori aliendelea kutazama mbele kwa muda, kisha mkono wake ukaenda taratibu kwenye ufunguo, akazima injini. Na katika ule ukimya tukasikia, sote watatu, chini ya gari: to. To. To.

"Anavuja," akasema Telesphori.

"Wapi, baba? Nyuma au mbele?"

"Nyuma, nadhani. Sili ya nyuma. Niliwaambia."

Salehe hakungoja. Alilala chini pale pale, kanzu nyeupe, akajivuta chini ya Nyanzala. Mume wangu akateremka, akaliangalia koti lake la Krismasi, akaniangalia mimi, akajilaza naye. Zikabaki nje jozi mbili za miguu, moja mitupu na nyingine yenye viatu vya kanisani, na sauti zikitoka huko chini: shika hapa, siyo hapo, lete taa, hii gasketi aliiweka nani, niliiweka mimi, basi uliiweka vizuri baba, usinisifu shika spana.

Febronia akatoka ndani, amepakwa hina, amevaa amejipamba, mtoto mikononi. Akanikumbatia na mtoto katikati. Kisha akatazama huku na huku.

"Baba yuko wapi?"

"Chini ya mke mwenza," nikasema.

Baba mtu alitoka huko chini akiwa mweusi mpaka nywele. Febronia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Telesphori amenyoosha mikono yake mbele, inadondosha oili, hajui aipeleke wapi. Sabuni ya kusema anawe haikuwepo. Ikabidi Febronia amlaze mtoto kwenye mikunjo ya viwiko vya babu, naye amekunja ngumi zake mbali kama mtu anayebeba sinia la mayai. Mtoto akamtazama. Telesphori akamtazama. Basi, wakatazamana hivyo hivyo mpaka Bi Mwanaima akasema pilau inaungua na hakuna anayejali.

Ikawa kama Maduhu alivyosema. Oili mpya iliosha kila kitu, na Nyanzala akavuja mbele na nyuma. Salehe akaagiza sili Mwanza kwa basi. Mkwe na baba mkwe wakakubaliana, baada ya kubishana kwa raha zao siku nzima, kwamba sili zikishakuwa mpya, gari linaweza kunywa yoyote kati ya hizo mbili, ila zikiwa kuukuu lipewe ile nzito lililoizoea, na kwamba kibaya kuliko zote ni kulitembeza kavu. Mimi nikawaambia hayo ningeweza kuwaambia bila kuchafua kanzu. Hawakunisikia, walikuwa chini ya gari.

Tukangoja sili. Wakati tunangoja, Telesphori alimpeleka Bi Mwanaima sokoni kwa Nyanzala, karai limefungwa chini kukinga matone. Akampeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Akampakia Salehe wakaenda kuangalia migodi ya zamani, wakarudi na mawe ambayo hayakuwa dhahabu. Wiki ikapita, nyingine ikaingia. Mbuzi wangu Ushirombo walikuwa kwa jirani, na mahindi yangu yalikuwa yanataka kuvunwa. Kila nikitaja safari, mume wangu anatikisa kichwa kwa huzuni: sili, Mama Febronia. Tungoje sili.

Jioni moja niliingia dukani kwa Salehe kutafuta kibiriti. Kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya mkanda wa feni, nikaona sili mbili mpya kwenye karatasi yake ya mafuta. Zilikuwa na vumbi tayari.

Nilichukua kibiriti nikaenda uani. Walikuwa wameketi mkekani, Telesphori na mjukuu mapajani, Salehe anamenya chungwa.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakasema wote wawili.

"Anakwenda sokoni mzima. Anakwenda kliniki mzima. Ukimtajia Ushirombo, anaumwa."

Salehe akaanza kulichunguza sana lile chungwa. Telesphori alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto, akatazama mbinguni kulikokuwa na nyota mbili tatu zinatokeza.

"Kigumu," akasema. "Wewe Salehe unakijua?"

"Sikijui, baba."

"Basi tumeshindwa," akasema mume wangu. "Nakupa mji, Mama Febronia."

"Mji gani?"

"Geita," akasema. "Kaa."